Akeley na Gorila wa Mlima Mikeno

1. Mnyama aliyesingiziwa

Zamani watu wa Ulaya na Marekani walimwogopa sana mnyama mmoja ambaye karibu wote hawakupata kumwona akiwa hai mwituni. Mnyama huyo ni gorila, sokwe mkubwa kuliko sokwe wote. Mwaka 1861 msafiri mmoja, Paul Du Chaillu, ambaye alitembea katika misitu ya Gabon, alitoa kitabu cha safari zake. Humo alimweleza gorila kama shetani wa msituni, anayenguruma na kumrukia mtu. Kitabu kilisomwa sana. Tangu hapo wachoraji na wachongaji wakamwonyesha gorila akibeba wanawake, meno nje, macho yakiwaka. Wawindaji nao wakasimulia jinsi walivyoponea chupuchupu.

Mbaya zaidi, habari hizo zilileta wawindaji wengine. Mtu aliyemwua gorila alirudi kwao akiwa shujaa.

Habari tunazosoma hapa ni za Carl Akeley, Mmarekani. Yeye pia alipanda milima kwenda kuwaua gorila. Aliwaua. Lakini aliposhuka alikuwa na ombi ambalo wawindaji wenzake hawakulitegemea.

2. Mtoto wa mkulima

Carl Akeley alizaliwa tarehe 19 Mei, 1864, katika kijiji cha Clarendon, jimbo la New York. Wazazi wake walikuwa wakulima wasio na mali. Shule hakuisoma sana. Alipenda kuzunguka mashambani na porini akiangalia ndege na wanyama wadogo, na mapema alianza kujifundisha kazi ya kukausha ndege waliokufa ili waonekane kama wako hai. Watu wa kijijini waliona ni kazi ya ajabu kwa kijana wa shamba.

Alipofika miaka 19 alikwenda mji wa Rochester. Huko kulikuwa na karakana kubwa iliyotengeneza wanyama wa kuwekwa katika majumba ya makumbusho. Mshahara ulikuwa mdogo, na kazi yenyewe haikumridhisha. Mafundi wa siku zile walichukua ngozi ya mnyama, wakaijaza majani makavu na matambara, kama mtu ajazavyo godoro. Kisha wakaishona. Swala aliyetengenezwa hivyo alivimba mahali pasipo na nyama, na shingo yake ikawa kama gunia.

Mwaka 1885 tembo mmoja mashuhuri wa sarakasi, jina lake Jumbo, aligongwa na gari moshi nchini Canada, akafa. Akeley alikuwa mmoja wa mafundi waliomtengeneza tembo huyo. Hapo wengi walianza kumfahamu.

Baadaye alifanya kazi katika makumbusho ya Milwaukee, kisha Chicago, na tangu mwaka 1909 New York. Katika miaka hiyo aliibadilisha kazi yake kabisa. Kwanza alichunguza mifupa na misuli ya mnyama. Halafu alifinyanga umbo la mnyama huyo kwa udongo, kila msuli mahali pake. Kutokana na umbo hilo alitengeneza kiwiliwili chepesi, na ndipo alipokivika ngozi. Tena hakumwacha mnyama peke yake. Alimzungushia majani, miti na mawe ya kwao, na nyuma yake ikawekwa picha kubwa ya nchi aliyotoka. Mtu aliyesimama mbele ya kioo aliweza kujua mnyama huyu anaishi wapi na anakula nini.

Akili yake haikutulia. Alitengeneza mashine ya kurusha saruji ukutani kwa nguvu ya hewa, kwa sababu kuta za jengo la makumbusho la Chicago zilikuwa zikibomoka. Mafundi wa ujenzi duniani wanatumia njia hiyo hata leo, na wengi hawajui kwamba aliyeianzisha alikuwa mkausha wanyama. Vilevile alitengeneza kamera ya sinema, ya duara kama chapati, ambayo iligeuzwa upesi kumfuata mnyama anayekimbia. Kamera hiyo tutakutana nayo tena mlimani.

3. Chui na tembo

Akeley alikuja Afrika mara ya kwanza mwaka 1896, katika nchi ya Wasomali. Jioni moja alifyatua risasi kichakani bila kuona vizuri. Kumbe aliyemjeruhi alikuwa chui. Chui alimrukia na kumng'ata mkono. Bunduki ikaanguka. Akeley aliushindilia mkono ule ule ndani ya koo la chui asipate kuutoa, akamkaba kwa mkono wa pili, na walipoanguka chini akambana kifuani kwa magoti mpaka chui akafa. Picha iliyopigwa baadaye inamwonyesha amefungwa bandeji, na chui wake amening'inizwa kando.

Mwaka 1910, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, tembo alimtokea kwa ghafula kutoka kwenye mianzi. Akeley alishika pembe zote mbili, moja kwa kila mkono, akaanguka katikati yake. Pembe zilichimba ardhi zikagota juu ya kitu kigumu, mzizi au jiwe. Hiyo ndiyo ilimwokoa. Hata hivyo tembo alimvunja pua na mbavu na kumpasua shavu. Wapagazi walidhani amekufa. Habari zilipomfikia mkewe, Bibi Delia Akeley, aliyekuwa kambini mbali na hapo, alisafiri usiku msituni mpaka akamfikia. Alimwuguza akapona. Kwa miezi mingi Akeley alikuwa amelala, na katika kulala huko aliwaza jumba moja kubwa la makumbusho, New York, lenye wanyama wa Afrika tu. Katika jumba hilo alitaka wawemo gorila pia.

Nimeyaeleza mambo haya mawili kwa sababu moja. Akeley hakuwa mtu mwoga, wala hakuwa mgeni wa kuua wanyama. Aliyoyasema baadaye juu ya gorila hayakutoka kwa mtu asiyejua porini.

4. Safari ya Kivu

Mwaka 1921 Akeley alisafiri kutoka Afrika ya Kusini, akapita Ziwa Tanganyika, akafika Ziwa Kivu. Wakati huo Kongo ilitawaliwa na Wabelgiji. Kaskazini ya ziwa hilo ipo milima minane ya volkeno iitwayo Virunga. Leo milima hiyo ni mpaka wa nchi tatu: Kongo, Rwanda na Uganda. Miwili, Nyiragongo na Nyamulagira, bado inatoa moto. Mingine imetulia, na miteremko yake imefunikwa na msitu. Mrefu kuliko yote ni Karisimbi, mita 4,507. Jirani yake ni Mikeno, mita 4,437.

Gorila wa milima hiyo walikuwa wamejulikana kwa wataalamu wa Ulaya kwa miaka 19 tu. Mwaka 1902 ofisa mmoja Mjerumani, Robert von Beringe, aliwapiga risasi gorila wawili kwenye Mlima Sabinyo. Bila shaka wenyeji waliwajua tangu mababu zao. Batwa, ambao ni wawindaji wa msitu, walijua njia zao, malazi yao na chakula chao.

Akeley alifuatana na Bwana na Bibi Bradley, Wamarekani, pamoja na binti yao Alice, mtoto wa miaka sita. Watu walishangaa. Nani ampeleke mtoto mdogo kwa gorila? Lakini Akeley alitaka iwe hivyo. Alikwisha anza kushuku kwamba gorila si mnyama wa kutisha kama ilivyosemwa. Alifikiri kwamba watu wakisikia hata mtoto alikwenda huko salama, ushujaa wa kumwua gorila utapungua.

Wapagazi na waongozaji walikuwa Waafrika. Ndio waliokata njia kwa panga, ndio waliosoma nyayo, ndio waliobeba mizigo katika matope na baridi. Vitabu vimehifadhi majina ya Wazungu wa safari ile, na ni shida kuyapata majina ya hao wengine.

5. Siku za kuua

Kupanda kulikuwa kugumu. Miteremko ni mikali, na magugu yanamzidi mtu kimo. Katika hewa nyembamba ya huko juu Akeley, ambaye tayari alikuwa na miaka 57, alisimama kila baada ya hatua chache kuvuta pumzi.

Gorila wa kwanza alikuwa dume mzee. Akeley alimpiga risasi kwenye ukingo wa korongo, na mzoga ukaviringika mpaka ukazuiwa na mti. Alipokaa kando yake na kuutazama uso, hakuona shetani. Aliona uso mpole. Aliandika baadaye kwamba alilazimika kuikumbuka sana kazi yake ya elimu ili asijione kuwa ni mwuaji.

Kisha aliuawa jike mwenye mtoto. Mtoto alikuwa na umri upatao miaka minne, naye alichomwa mkuki na waongozaji. Akeley alifika kabla hajakata roho. Mtoto yule alimtazama kwa uso wa kuomba msaada, kama mtoto wa mtu anayetaka kupakatwa. Jambo hili halikumtoka moyoni mpaka alipokufa.

Siku nyingine alikuta gorila kadhaa kwenye mteremko wa ng'ambo, mama pamoja na watoto. Safari hii alisimamisha kamera yake ya duara. Gorila walipanda juu ya mti ulioinama, wakaketi, wakawatazama watu waliokuwa wakiwatazama. Filamu ile inahesabiwa kuwa sinema ya kwanza ya gorila walio hai mwituni. Baada ya hapo Akeley aliona wametosha. Dume mmoja mkubwa aliuawa na Bwana Bradley, na kwa jumla walikuwa watano. Ngozi, mifupa na nyuso zilizofinyangwa kwa plasta zilifungwa kwa safari ya New York.

Mwaka ule ule, katika milima ile ile, mwana wa mfalme wa Sweden, Wilhelm, na watu wake waliwaua gorila 14. Hebu fikiri. Wawindaji wa makundi mawili tu waliua gorila 19 katika mwaka mmoja. Akeley alijua kuwa wengine wako njiani.

Je, tumsifu kwa kuacha baada ya watano? Mimi siwezi kumsifu sana kwa hilo. Wale watano walikufa, na mmoja wao alikuwa mtoto. Lakini wawindaji wengi walitazama nyuso za namna hiyo na kesho yake wakaenda kuwinda tena.

6. Gorila anaishi wapi na anakula nini

Sasa tuwatazame gorila wenyewe. Baadhi ya mambo haya Akeley aliyaona. Mengine yamejulikana baadaye, tangu wataalamu walipoanza kukaa nao.

Gorila wa milimani anaishi katika msitu wa mvua ulio kati ya mita 2,500 na 4,000 juu ya usawa wa bahari. Huko kuna ukungu, mvua nyingi na baridi kali usiku. Kwa hiyo manyoya yake ni marefu na mazito kuliko ya gorila wa nchi za chini. Ukianza kupanda mlima unakuta mianzi. Ukiendelea unakuta msitu wa miti mikubwa yenye magamba mekundu na ndevu za kuvu zinazoning'inia. Huko juu zaidi ni majani na baridi tu, na gorila hukaa muda mfupi.

Dume mzima ana uzito wa kilo 160 au zaidi. Jike ni kama nusu yake. Mikono ni mirefu kuliko miguu, na gorila hutembea akiegemea vifundo vya vidole vya mikono. Dume akifika miaka kama 12 manyoya ya mgongoni hugeuka rangi ya fedha. Hapo anaweza kuongoza jamaa: majike, watoto na madume vijana. Jamaa moja huwa na gorila kama kumi hivi, pengine zaidi. Mikunjo ya pua ya kila gorila ni tofauti, kama alama za vidole vyetu. Watafiti huwatambua kwa pua.

Na chakula? Hapa ndipo lilipo jibu la hadithi zote za kutisha. Mnyama huyu mwenye meno makubwa na taya za nguvu anakula majani. Anakula mabua laini yaliyojaa maji, ambayo huyamenya kwa meno na vidole kama mtu amenyavyo muwa. Anakula mimea ya miiba, na majani yanayowasha ambayo wewe ukiyagusa utaruka. Anakula majani madogo yatambaayo na kunata kwenye nguo. Huyaviringisha kwa mkono kama tonge kabla ya kuyatia kinywani. Anakula magome na mizizi. Mvua zikija na mianzi ikichipua, jamaa nzima hushuka kwenye mianzi, wakachimbua machipukizi na kusahau mengine yote. Nyama halisi hawindi. Pengine atakula sisimizi na wadudu wengine wadogo.

Majani hayana nguvu nyingi, na ndiyo sababu lazima ayale kwa wingi. Dume anaweza kula zaidi ya kilo 18 kwa siku. Tumbo lake ni kubwa kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya ulafi. Asubuhi ni kula. Adhuhuri ni kulala, na watoto kucheza juu ya mgongo wa baba yao. Alasiri ni kula tena. Maji hayanywi mara nyingi, maana chakula chenyewe kina maji na umande. Kwa kuwa chakula kimemzunguka kila upande, hatembei mbali. Mara nyingi jamaa haimalizi hata kilometa moja kwa siku. Jioni kila mmoja hukunja majani na matawi, akatengeneza kitanda kipya. Mtoto hulala na mama yake.

Lakini usidhani kila mnyama wa jamii hii anakula chakula kimoja. Gorila wa misitu ya chini, kama wale wa Gabon, hupenda sana matunda na hutembea mbali kuyatafuta. Milimani matunda ni machache, basi gorila wa Virunga wamezoea majani. Katika mianzi ya Virunga yupo pia kima mwenye manyoya ya rangi ya dhahabu mgongoni, naye hula mianzi hiyo hiyo, majani na machipukizi. Mbega, yule mwenye manyoya meusi na meupe unayemwona katika misitu mingi ya Afrika ya Mashariki, hushuka chini mara chache. Tumbo lake lina vyumba kama la ng'ombe, na ndani yake majani huchachuka kabla ya kusagika vizuri. Sokwe mtu naye ni mtu wa matunda. Tena, kule Gombe, mkoani Kigoma, imeonekana tangu mwaka 1960 kwamba sokwe mtu huwinda na kula nyama, hasa nyama ya mbega wekundu. Basi yule tuliyezoea kumcheka kwa vituko vyake ndiye mla nyama, na yule aliyeitwa shetani ni mla majani.

Gorila akishtushwa dume husimama, hupiga kifua, hupiga kelele, hung'oa majani na kuyarusha. Pengine hukimbia kumwelekea mtu. Mara nyingi husimama kabla ya kumfikia. Anawapa majike na watoto nafasi ya kukimbia. Mtu akimjeruhi au akikimbia ovyo anaweza kung'atwa vibaya, na madume wenyewe kwa wenyewe hupigana mpaka kuuana. Si malaika. Lakini wawindaji walimwona katika hali moja tu, wakati anapowatetea watoto wake mbele ya bunduki. Wakaandika kwamba ndiyo tabia yake ya kila siku.

Jambo moja zaidi lilimtia Akeley hofu. Gorila huzaa polepole. Mimba ni miezi minane na nusu, na jike hupata mtoto mmoja tu kila baada ya miaka kama minne. Wengi wa watoto hao hufa wadogo. Mnyama wa namna hii akiwindwa haraka namna ile, kuzaa hakuwezi kuufidia upungufu.

7. Ombi kwa mfalme

Aliporudi Marekani Akeley alianza kuhutubia na kuandika. Mwaka 1923 alitoa kitabu cha safari zake. Aliomba jambo moja waziwazi: milima ya Mikeno, Karisimbi na Visoke iwekwe kando, bunduki zisiingie. Alitaka pia pajengwe nyumba ya wataalamu mlimani ili gorila wachunguzwe wakiwa hai. Hapo alikuwa akiikosoa kazi yake mwenyewe, maana maisha yake yote aliwachunguza wanyama waliokufa.

Barua zake zilipitia kwa balozi wa Ubelgiji nchini Marekani, zikamfikia Mfalme Albert wa Kwanza. Mfalme alikubali. Tarehe 21 Aprili, 1925, ilitolewa amri ya kuanzisha Hifadhi ya Albert. Ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika. Mwaka 1929 ilipanuliwa sana.

Haifai kuficha upande wa pili. Amri ile ilitoka Ubelgiji, na wenyeji hawakuulizwa. Watu waliokuwa wakiwinda msituni, wakikata mianzi, wakilina asali na kulisha ng'ombe walikatazwa, na kadiri hifadhi ilivyopanuliwa wengine waliondolewa katika ardhi yao. Batwa, walioujua msitu kuliko mtu yeyote, walipoteza zaidi ya wote. Magomvi ya ardhi kandokando ya hifadhi hayajaisha mpaka leo. Akeley alijua kuomba kwa ajili ya gorila. Hakuwaombea watu hao.

8. Kabara

Mwaka 1926 Akeley alirudi Afrika mara ya mwisho. Alikuwa na mke wake wa pili, Bibi Mary Jobe Akeley, mchoraji William Leigh, na mtaalamu wa wanyama kutoka Ubelgiji, Jean Derscheid. Kazi yao ilikuwa kupima na kuchora ramani ya hifadhi mpya, na kuchora nchi ile ili picha yake iwekwe nyuma ya wale gorila watano kule New York. Leigh angechora milima, na wengine wangekusanya majani na mimea ya mahali pale pale.

Akeley alikuwa na miaka 62. Alikuwa ameugua homa njiani, na waliomtazama waliona hafai kupanda. Lakini alitaka kufika tena mahali alipoishi mwaka 1921. Sehemu ya njia alibebwa kwa machela. Walifika Kabara, kwenye tambarare iliyo kati ya Mikeno na Karisimbi, penye baridi na ukungu. Siku chache baadaye, tarehe 17 Novemba, 1926, alifariki dunia. Kaburi lilichimbwa hapo hapo, katika ardhi ngumu ya volkeno. Mkewe hakushuka mara moja. Alibaki kuimaliza kazi ya picha na mimea.

Jumba alilolifikiri akiwa kitandani mwaka 1910 lilifunguliwa New York mwaka 1936, likapewa jina lake. Katikati wamesimama tembo wanane.

Ile nyumba ya wataalamu ilichelewa. Mwaka 1959 na 1960 George Schaller, Mmarekani, aliishi Kabara na kuwafuata gorila bila bunduki. Mwanzoni mwa mwaka 1967 Dian Fossey alipiga hema lake hapo hapo. Miezi michache baadaye vita vilimfukuza Kongo, akahamia upande wa Rwanda, akaanzisha kituo kati ya Karisimbi na Visoke. Mwaka 1969 hifadhi ya upande wa Kongo iliitwa Virunga. Karibu na mwaka 1981 gorila wa milima ile walikuwa wamepungua mpaka kama 250. Mitego, mashamba na biashara ya vichwa na mikono viliwamaliza. Katika hesabu ya mwaka 2015 na 2016 walionekana 604, na pamoja na wale wa Bwindi nchini Uganda ilipatikana jumla ya 1,063. Askari wengi wa hifadhi, wenyeji wa Kongo, wameuawa wakiwalinda.

Gorila wa mwaka 1921 bado wako New York nyuma ya kioo. Dume amesimama akipiga kifua, wengine wako majanini. Nyuma yao inaonekana Mikeno, na mteremko uliochorwa pale ndio nchi ile alikozikwa Akeley.